Kamera ya Kupigia Picha za Ndege: Ni Ipi Imfaayo Mtu wa Funyula?

Mtu asimamaye alfajiri kando ya barabara itokayo Busia kwenda Funyula ataona ndege wengi kuliko awezavyo kuwataja majina. Yangeyange weupe hufuata ng'ombe malishoni, korongo taji hutembea polepole katika majani yenye maji, mdiria hukaa juu ya waya wa umeme akitazama chini, na katika bustani za nyumbani yumo ndege yule mweusi mwenye kifua chekundu kama damu, ambaye sauti yake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Nchi ya Samia imekaa mahali pema kwa jambo hili. Ina vilima vyake, ina mafunjo ya Sio Port na Ziwa Victoria, na kaskazini yake ziko nyika za majani za Busia. Mabwawa ya Sio na Siteko yameenea pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, wala ndege hawana habari na forodha.

Mtu apendaye kuwapiga picha ndege hao hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: anunue kamera gani? Swali hili si dogo. Kamera nzuri pamoja na lenzi ndefu yaweza kugharimu bei ya ng'ombe kadhaa, na mnunuzi aliyechagua vibaya hugundua kosa baada ya miezi, akiwa kando ya bwawa, fedha imekwisha na ndege bado ni nukta nyeusi katika picha. Kwa hiyo makala haya yanaeleza jinsi vyombo hivyo vifanyavyo kazi, ili mnunuzi ajue analipia kitu gani.

PICHA YA KAZI GANI?

Kwanza yampasa mtu ajiulize anataka picha za nini. Wako watakao picha ya kutundika ukutani au kuuza kwa wachapaji wa vitabu. Wako watakao picha iwe ushahidi tu, ili waweze kusema kwa hakika kwamba ndege fulani alionekana mahali fulani siku fulani. Kazi hizi mbili hazidai chombo kimoja, na wengi hulipa fedha nyingi kwa sababu hawakuzitenganisha.

Wala isidhaniwe kwamba picha ya ushahidi ni kitu duni. Chukua mfano wa yule ndege mwenye kifua chekundu. Yule wa bustanini, ambaye wataalamu humwita Laniarius erythrogaster, ni mweusi kichwani na mabawani. Lakini ndani ya mafunjo anaishi ndugu yake, Laniarius mufumbiri, ambaye utosi wake ni wa rangi ya manjano na bawa lake lina mstari mweupe. Huyu wa pili hupatikana katika mafunjo ya sehemu hizi za Afrika tu, na mafunjo yakikatwa na kulimwa hana pengine pa kwenda. Mtu akisema, "Nimemwona," wataalamu watamwuliza, "Ulijuaje kwamba si yule wa bustanini?" Picha moja ionyeshayo utosi na bawa hujibu swali hilo, hata ikiwa si picha ya kupendeza.

Kadhalika mbayuwayu wa buluu, Hirundo atrocaerulea. Ndege huyu huzaa katika nyika za milimani kusini mwa Afrika, hata Tanzania ya kusini, kisha karibu na mwezi wa Aprili huruka kuja Uganda na magharibi ya Kenya, akakaa mpaka Septemba hivi. Nyika za Busia ni mojawapo ya mahali pachache katika Kenya ambapo amejulikana kufika, na kwa ajili hiyo zilitiwa katika kitabu cha mahali muhimu pa ndege wa Kenya kilichotungwa na Leon Bennun na Peter Njoroge mwaka 1999, pamoja na bwawa la Sio Port. Lakini nyika hizo si msitu wa serikali wala mbuga yenye askari. Ni mashamba ya watu, na kila msimu kipande kingine huingia jembe, kwa kuwa watu wana haki ya kula. Mtu apataye picha ya mbayuwayu huyo pale ameandika jambo ambalo baada ya miaka michache huenda lisiandikike tena. Shida ni kwamba yeye huruka chini chini juu ya majani, kwa mwendo wa haraka, akigeuka kila dakika, na kwa mbali hufanana na mbayuwayu wengine weusi. Kamera impatayo korongo taji kwa urahisi yaweza kushindwa naye kabisa.

HESABU YA UMBALI

Watu wengi hufikiri kwamba kamera nzuri ni ile yenye megapikseli nyingi. Kwa ndege, hilo si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni ukubwa wa sura ya ndege itakayoangukia juu ya kisahani kipokeacho nuru ndani ya kamera. Hesabu yake ni rahisi, na kila mtu aliyesoma shule ya msingi aweza kuifanya: chukua urefu wa ndege, zidisha kwa urefu wa lenzi, kisha gawanya kwa umbali.

Tuseme ndege ana sentimeta 15 naye yuko umbali wa mita 15, na lenzi ni ya milimita 400. Sura yake juu ya kisahani itakuwa milimita 4 tu. Msomaji na atazame rula yake aone milimita 4 ni kiasi gani. Kwa lenzi ya milimita 600 sura itakuwa milimita 6. Lakini mtu mwenye lenzi ile ile ya 400 akiweza kujongea mpaka mita 7 na nusu, sura itakuwa milimita 8, wala hakutumia hata senti moja. Ndiyo sababu mtu ajuaye kunyata na kungoja hupata picha zinazomshinda tajiri mwenye haraka.

Simu ya mkononi sasa inafahamika wazi kwa nini haifai. Lenzi kuu ya simu nyingi ina urefu wa milimita sita hivi. Ndege yule yule kwa umbali ule ule atafanya sura isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Mtu apanuapo picha kwa vidole viwili juu ya kioo cha simu, haongezi kitu. Anakuza ukungu tu. Iko njia moja ya simu ambayo si ya kudharauliwa: kuiweka simu nyuma ya darubini na kupiga picha kupitia humo. Kazi hiyo yataka mikono iliyotulia na ndege aliyetulia zaidi, lakini kwa korongo taji asimamaye bwawani picha itambulikayo hupatikana, na mwenye darubini tayari hana haja ya kununua kitu.

VISAHANI VYA NURU

Visahani vya kamera si vya ukubwa mmoja. Kikubwa kitumiwacho sana kina milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka filamu za zamani. Cha kati, katika kamera za Nikon, Sony na Fujifilm, kina milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, na katika Canon ni kidogo zaidi. Kiko na kile cha milimita 17.3 kwa 13, kilichoanzishwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008 katika kamera zisizo na kioo. Hatimaye kiko kisahani kidogo sana, kama milimita 6.2 kwa 4.6, kilichomo katika kamera ndogo zenye lenzi isiyotoka.

Rudi sasa kwenye sura ile ya milimita 4. Katika kisahani kikubwa chenye kimo cha milimita 24, ndege huchukua sehemu moja ya sita ya kimo cha picha. Katika kile cha kati huchukua robo. Katika kile cha Olympus huchukua karibu theluthi. Ndiyo maana watu husema kwamba kisahani kidogo "huongeza" urefu wa lenzi, ijapokuwa kwa kweli lenzi haikuongezeka hata kidogo. Ila pembezoni pamekatwa. Muuzaji asemapo, "Lenzi hii ni sawa na milimita 800," mnunuzi na amwulize urefu wake wa kweli ni upi, kwa kuwa namba ya kweli imeandikwa juu ya lenzi yenyewe.

Kisahani kikubwa nacho kina faida yake: hupokea nuru nyingi zaidi, na picha zake za alfajiri na jioni ni safi. Funyula iko karibu na Ikweta, na jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili u nusu au baadaye kidogo, miezi yote ya mwaka. Ndege huwa wakali wa kuimba na kula wakati huo huo ambapo nuru bado ni haba. Ifikapo saa tatu u nusu jua ni kali, mvuke wa joto hucheza juu ya majani, na lenzi ndefu kupita zote duniani haitaona wazi kupitia mvuke huo. Basi saa za kazi ni chache, na nyingi katika hizo zina kiza kidogo.

Kwa mtu atakaye ushahidi tu, kamera ya kisahani kidogo sana yenye lenzi isiyotoka yafaa kuliko wasemavyo wenye kamera kubwa. Nikon P900, iliyotoka mwaka 2015, ina lenzi ya milimita 357 za kweli, na juu ya kisahani chake kidogo ndege wetu wa sentimeta 15 hujaza zaidi ya robo tatu ya kimo cha picha. P950 iliyofuata mwaka 2020 ni ya namna hiyo hiyo. Hakuna lenzi ya pili ya kununua, hakuna vumbi la kuingia ndani, na mzigo wote ni chini ya kilo moja na robo. Kasoro zake ni mbili, na si ndogo. Katika nuru haba picha hujaa chembe chembe kama mchanga. Tena, kulenga kwake ni kwa polepole: mdiria juu ya waya, ndiyo, mbayuwayu arukaye, la. Mwalimu atakaye kuwaandika ndege wote wa shule na mabonde yaliyo karibu, na aanze na kamera ya namna hii bila kuona haya.

LENZI NA NURU YAKE

Mtu akikusudia kwenda mbele zaidi, hapana budi achague lenzi kwanza, kamera baadaye. Wengi hufanya kinyume. Kamera huchakaa na kupitwa na wakati, bali lenzi njema yaweza kutumika miaka ishirini.

Juu ya kila lenzi imeandikwa namba kama 4, 5.6, 8 au 11. Namba hii ni kipimo cha tundu la kupitishia nuru, nayo huenda kinyume cha hesabu ya kawaida: namba ndogo ni tundu kubwa. Kutoka 5.6 kwenda 8 nuru hupungua nusu. Kutoka 8 kwenda 11 hupungua nusu nyingine. Kwa mbayuwayu arukaye, kilango cha kamera yafaa kifunguke na kufungika kwa muda wa sehemu moja ya 2000 ya sekunde, na kwa korongo atembeaye sehemu moja ya 500 hutosha. Muda mfupi namna hiyo huhitaji nuru nyingi, na nuru nyingi huhitaji tundu kubwa, na tundu kubwa katika lenzi ndefu maana yake ni vioo vikubwa, uzito na fedha. Hakuna fundi aliyepata njia ya kuukwepa mkufu huu.

Canon walijaribu kutafuta njia ya kati mwaka 2020 walipotoa lenzi za milimita 600 na 800 zenye tundu la 11. Ile ya 600 ina gramu 930 tu, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya lenzi kubwa za urefu huo. Katika jua la saa mbili asubuhi hufanya kazi nzuri. Ndani ya mafunjo, au chini ya miembe siku ya mawingu, mwenye nayo atalalamika. Lenzi yao ya milimita 100 mpaka 400 ya mwaka 2021 ina gramu 635, nayo yafaa sana kwa mtu apandaye vilima vya Samia kwa miguu. Sony wana lenzi ya milimita 200 mpaka 600 iliyotoka mwaka 2019, yenye kilo mbili na zaidi kidogo. Nikon nao walitoa ya 180 mpaka 600 mwaka 2023. Hizi ni nzuri mno kwa picha, lakini pamoja na kamera yake mzigo hufika karibu kilo tatu. Mtu asizipime dukani kwa dakika mbili; na ashike mfuko wa sukari wa kilo mbili, pamoja na wa kilo moja, autembeze kutoka sokoni Funyula mpaka kilimani, ndipo aamue.

KIOO NDANI YA KAMERA

Kwa miaka mingi kamera kubwa zilikuwa na kioo ndani yake, kirudishacho nuru juu kwenye jicho la mpiga picha, kikainuka kwa mshindo wakati wa kupiga. Siku hizi viwanda vimegeukia kamera zisizo na kioo. Canon na Nikon walianza mifumo yao mipya ya kisahani kikubwa mwaka 2018, na Sony walikuwa wamewatangulia mwaka 2013. Kamera hizi mpya zina uwezo ambao hapo zamani ungedhaniwa kuwa uchawi: tangu mwaka 2020 zimekuwapo zile zinazolitambua jicho la ndege zenyewe, zikalishika na kulifuata hata ndege akipita nyuma ya majani. Tena huweza kupiga bila sauti yoyote, jambo lenye thamani kubwa karibu na nzohe, ambaye husikia mlio mdogo akazama katika bwawa la Yala asionekane tena. Lakini upigaji huo wa kimya una hila yake katika kamera za bei ya chini: bawa liendalo mbio hutoka limepindika katika picha, kwa sababu kisahani husomwa mstari kwa mstari, na bawa limekwisha kusogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa.

Je, kamera ya kioo imekufa? Viwanda vimeiacha, ndiyo, lakini kwa mnunuzi wa Busia habari hiyo ni njema kuliko ilivyo mbaya. Matajiri wa miji mikubwa wanapouza kamera zao za kioo ili wanunue mpya, za zamani hushuka bei. Nikon D500 ya mwaka 2016 na Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 zilitengenezwa mahsusi kwa vitu viendavyo kasi. Kila moja hupiga picha 10 kwa sekunde moja. Betri moja ya D500 ilipimwa na watengenezaji kuwa hupiga picha 1,240, na kamera nyingi zisizo na kioo hazifiki nusu ya hesabu hiyo. Mahali ambapo umeme hukatika siku mbili, jambo hili lina uzito kuliko sifa nyingi ziandikwazo katika matangazo. Lenzi ya Canon ya milimita 400 yenye tundu la 5.6, iliyotoka mwaka 1993, haina chombo cha kutuliza mtetemo, lakini ni nyepesi, ni kali, na kwa ndege warukao bado yaheshimiwa. Mwenye lenzi hiyo akipata fedha siku moja aweza kuifunga kwenye kamera mpya ya Canon isiyo na kioo kwa kiungo maalumu, nayo italenga vizuri.

Kiungo hicho chatuleta kwenye jambo ambalo wengi hawaambiwi: kila kiwanda kina mdomo wake wa kufungia lenzi. Anunuaye lenzi ya Canon ameoa katika ukoo wa Canon, na anunuaye ya Nikon kadhalika. Kwa sababu hiyo, kabla ya kushindana ni ukoo upi ulio bora, afadhali mtu aulize jirani zake wana kamera za ukoo gani. Mtu mwenye rafiki mpiga picha za arusi wa Busia au Malaba atumiaye Canon aweza kuazima lenzi, chaji na betri; mwenye chombo cha ukoo usiojulikana hapo atakaa peke yake. Faida ya kuazima hupita tofauti zote zilizopo kati ya viwanda, ambazo kwa kweli ni ndogo.

KUNUNUA KILICHOTUMIKA

Anunuaye kamera iliyokwisha kutumika na aitazame mchana, si dukani chini ya taa. Amulike lenzi kwa kurunzi kutoka nyuma na kutazama kwa mbele. Akiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu iliyoota juu ya vioo, na hata bei ikipunguzwa nusu na aiache. Kilango cha kamera nacho kina umri: cha D500 na cha 7D Mark II vilipimwa kwa mapigo 200,000. Kamera za Nikon huandika hesabu ya mapigo ndani ya kila picha, nayo husomeka kwa programu ya kompyuta. Muuzaji akatazaye kutoa picha moja ya kujaribu ana sababu yake. Risiti na namba ya kamera visikosekane, maana vitu vya wizi husafiri sana mpakani, na asiye na karatasi hana la kujibu polisi wamwulizapo. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kuvuka daraja la Malaba au kituo cha Busia na kamera kubwa afanya vema kuwaonyesha maofisa wa forodha chombo chake pamoja na risiti wakati wa kwenda, ili asidaiwe ushuru wakati wa kurudi. Wala asiitoe kamera hiyo mfukoni kituoni hapo. Picha za vituo vya mpaka na za askari huleta matata yasiyo na haja.

Kuvu iliyotajwa ndiyo adui mkubwa wa lenzi katika nchi hii ya ziwa, yenye unyevu karibu mwaka mzima. Lenzi ikifungiwa katika mfuko wa ngozi chini ya kitanda, kuvu haikawii kuota. Na ikae katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko kikazacho, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha unyevu vitiwavyo ndani ya masanduku ya viatu vipya. Wauza viatu huvitupa, nao huvitoa bure. Mchele, ambao watu hupenda kuushauri, huacha vumbi.

Safari nazo hutaka uangalifu. Baiskeli za kuwavusha watu mpakani hapo Busia ndizo zilizoanzisha jina la bodaboda, na hata leo pikipiki ndiyo njia ya kufika Sio Port kwa haraka. Kamera ifungwayo nyuma ya kiti hulegea skrubu zake kwa mtikiso. Na ikae kifuani mwa abiria. Badala ya stendi ya miguu mitatu, ambayo ni nzito, kimfuko cha kitambaa kilichotiwa maharagwe na kuwekwa juu ya ukuta au ukingo wa mtumbwi hushika lenzi ndefu barabara, na njaa ikizidi maharagwe hupikika. Mwenye kwenda kwa mtumbwi na amsikilize mvuvi, kwa kuwa viboko hawaonekani mpaka wawe karibu.

KARIBU NA KIOTA

Lenzi ndefu hununuliwa ili mtu akae mbali. Jambo hili husahauliwa hasa wakati wa viota. Korongo taji, ambaye mfano wake umo katika bendera ya Uganda, aliwekwa mwaka 2012 katika daraja la ndege walio hatarini kutoweka. Hutaga ndani ya majani ya bwawa, na akifukuzwa kiotani mayai hubaki wazi kwa jua na kwa kunguru. Wako wapiga picha wakatao majani yazungukayo kiota ili picha iwe safi. Majani yale yale ndiyo yaliyokificha kiota, na kesho yake mpita njia yeyote atakiona. Kadhalika kumpigia ndege sauti yake kwa simu ili ajitokeze: mara moja huenda asidhurike, lakini akiitwa asubuhi nzima huacha kula na kulisha makinda, akimtafuta mshindani asiyekuwapo.

Picha ikiisha kupatikana, isilale ndani ya kadi. Mpiga picha na aandike siku ile ile tarehe, saa, jina la mahali na idadi ya ndege, pamoja na hali ya mahali penyewe, kama ni mafunjo, nyika au shamba lililolimwa karibuni. Jumuiya ya Nature Kenya ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1909 kwa jina la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, pamoja na Makumbusho ya Taifa, huzithamini habari za namna hii, na mradi wa ramani ya ndege wa Kenya hupokea orodha kutoka kila pembe ya nchi. Picha ya mbayuwayu wa buluu hata ikiwa na ukungu kidogo, ikiwa mkia wake mrefu waonekana na jina la shamba limeandikwa, itafaa kuliko picha safi isiyojulikana ilipigwa wapi.